Nyumba ya 1956, bomba la majitaka limejaa mizizi: nichimbue uwanja au nipitishe "soksi"?

Mjukuu wa Kilombero
Wakuu, heshima kwenu. Wa kuamkiwa nimewaamkia.

Niko Ohio, Marekani, mwaka wa tisa sasa. Mwaka juzi mimi na mke wangu tulinunua nyumba ya zamani kidogo, imejengwa 1956. Jumapili iliyopita tulikuwa na kipaimara cha binti yetu. Watu kama thelathini ndani, pilau jikoni, choo kinaflashiwa kila baada ya dakika mbili. Mara mtoto wa jirani anapanda ngazi kutoka besimenti, ananiambia, "Anko, kule chini sakafu inatapika."

Nikashuka. Kile kitundu cha sakafuni kinachopokea maji ya mashine ya kufulia kilikuwa kinachemka kama chungu cha maharage. Kilichokuwa kinatoka hakikuwa maharage.

Fundi wa dharura akaja usiku na waya wake wa mota. Waya ukarudi na mizizi imejisokota kama rasta. Uwanjani mbele nina mti mkubwa wa mepo, na bomba linapita chini yake kwenda barabarani, kama futi 55 hivi, yaani mita 17. Katika mji wetu bomba lote kutoka nyumbani mpaka linapoungana na bomba kuu la mji ni mzigo wa mwenye nyumba, hata kipande kilicho chini ya barabara.

Nimeshapata bei mbili. Kampuni ya kwanza: kuchimba mtaro wote, kung'oa mti, kuvunja zege la kuegeshea gari, kuweka bomba jipya la PVC, dola 16,500. Ya pili: bila kuchimba kabisa. Wanapitisha kitu kama soksi yenye gundi ndani ya bomba bovu, gundi inaganda, unapata bomba jipya ndani ya la zamani. Dola 9,800, na yule muuzaji amesema bei hiyo mwisho kesho saa sita mchana.

Mke wangu hataki mti uguswe. Mimi sitaki kuibiwa. Nani ameshafanya hii kitu?

Nguru Mkavu
Dola elfu tisa kwa bomba la choo! Mkuu, rudi nyumbani, tutakuchimbia mtaro kwa ugali na dagaa.

Fundi Pima Maji
Mleta mada, mimi ni fundi bomba Sinza, Dar, mwaka wa 31 kazini. Hiyo soksi sijawahi kuipitisha kwa mkono wangu, kwa hiyo sitajifanya naijua. Lakini maji machafu hayajui kama yako Ohio au Manzese, yanashuka tu. Nijibu kwanza haya:

Bomba ni la nini, udongo, chuma au plastiki? Limezikwa kina gani? Chemba ziko ngapi kati ya nyumba na barabara? Na huo mteremko, kuna mtu aliyeupima?

Hiyo bei ya mpaka kesho saa sita, iache ipite. Bomba limekaa toka 1956, halitakimbia wiki hii.

Mjukuu wa Kilombero
Shikamoo mzee Pima Maji.

Bomba ni la udongo wa kuchoma, inchi sita. Kina ni futi nane, mita mbili na nusu hivi, kwa sababu nyumba ina besimenti na bomba linatokea chini ya sakafu ya huko. Halafu huku ardhi ya juu inaganda barafu wakati wa baridi, kwa hiyo hakuna anayelaza bomba juu juu.

Chemba hakuna hata moja. Kuna mdomo mmoja wa kuzibulia ndani ya besimenti, basi. Kuanzia hapo bomba linaingia gizani mpaka barabarani.

Mteremko hakuna aliyeutaja.

Fundi Pima Maji
Marahaba mwanangu.

Sasa nimeelewa kwa nini wenzetu wakabuni kupita bila kuchimba. Futi nane bila chemba! Huku kwetu Mwingereza alituachia desturi ya chemba kila bomba linapokata kona na kila linapopokea tawi. Bomba likiziba unafunua chemba ya kwanza, imejaa, ya pili, imejaa, ya tatu, kavu. Basi mgonjwa yuko kati ya pili na tatu, unachimba hapo tu, kina cha goti, na jioni watu wanaoga. Nyinyi huko mnatafuta ugonjwa kwa kubahatisha, na kuchimba futi nane kwa kubahatisha ni hasara.

Usilipe mtu yeyote kabla hujaona ndani kwa macho yako.

Mama Zai Minnesota
Kaka, mimi nilipitisha soksi 2019 na sijutii soksi yenyewe. Najuta sikuuliza jambo moja.

Soksi ikipita ndani ya bomba inafunika kila kitu, pamoja na midomo ya matawi. Kama bomba la jikoni au la kufulia linaungana na lile kubwa njiani, lile tundu linazibwa, na inabidi waingize kikatio chenye kamera kwenda kulifungua tena. Wangu walifungua tawi moja wakasahau jingine. Wameondoka saa kumi jioni, saa moja usiku nikawasha mashine ya kufua. Sabuni ilitokea kwenye bafu la chini, povu mpaka magotini, Zai anafurahi anadhani ni mchezo.

Walirudi wakafungua bila malipo. Lakini ulizia: matawi mangapi, yako futi ngapi, na video ya MWISHO utapewa au la. Sio video ya mwanzo tu.

Muntu wa Bukavu
Jambo bandugu. Mie ni Mkongomani, niko Ohio pia, na hii ndiyo kazi yangu ya kila siku, mwaka wa sita. Kiswahili changu ni cha kwetu, mtakivumilia. Kampuni ninayofanyia sitaitaja, na sikuuzii kitu.

Niwaeleze soksi ni nini, maana watu wanafikiri ni uchawi.

Ni mfuko mrefu wa kitambaa kizito, mfano wa blanketi. Tunaupima sawasawa na urefu wa bomba, tunaumwagia gundi ya epoksi, tunaupitisha katikati ya rola mbili ili gundi iingie kila uzi. Kisha tunauingiza kwa hewa au kwa maji, na unaingia kwa kujigeuza ndani-nje kama vile mama anavyogeuza mkono wa shati. Ule upande wenye gundi unakwenda kugandamana na ukuta wa bomba la zamani. Ndani yake tunaweka puto refu linaloukandamiza mpaka gundi igande. Gundi ya kujigandia yenyewe inataka masaa kadhaa. Ukipitisha maji ya moto au mvuke inawahi. Siku hizi kuna na taa unazivuta ndani ya bomba, hapo ni haraka zaidi. Ukitoa puto unabaki na bomba lisilo na hata kiungo kimoja, unene wake milimita 3 mpaka 4 na nusu kwa bomba za nyumbani.

Hiyo ya kutokuwa na kiungo ndiyo maana yake yote. Mizizi haitoboi bomba la udongo. Inaingia kwenye viungo. Bomba za zamani ni vipande vifupi vya futi mbili tatu, kila kiungo kimesilibwa kwa simenti, na simenti imechoka toka siku nyingi. Mvuke unatoka kidogo, mzizi unanusa maji, unaingia uzi mmoja. Baada ya miaka unakuwa mkia wa farasi.

Si kitu kipya pia. Mwingereza Eric Wood ndiye alipitisha ya kwanza London 1971.

Kuna njia ya pili, ya kupasua. Unachimba mashimo mawili, moja kila mwisho. Unapitisha kamba ya chuma ndani ya bomba bovu, unafunga kichwa cha chuma mfano wa risasi kubwa, na nyuma yake bomba jipya jeusi la plastiki ngumu (HDPE) lililoungwa kwa moto mpaka likawa refu moja. Winchi inavuta. Kichwa kinapasua bomba la zamani, vigae vinasukumwa pembeni kwenye udongo, bomba jipya linakaa mahali pake. Hiyo nayo ilianza Uingereza, mwishoni mwa miaka ya 1970, kwa mabomba ya chuma ya gesi. Ni nzuri pale bomba limevunjika sana hata soksi haina pa kushika, au ukitaka bomba kubwa kuliko la zamani. Lakini ule udongo unaosukumwa lazima uende mahali. Kama bomba la gesi au la maji liko jirani sana, au zege liko juu karibu, usipasue.

Sasa ndugu, swali kwako. Ile video ya kampuni ya pili unayo? Yote, mpaka barabarani?

Mwana wa Eastlands
Nairobi hapa. Huku Buruburu shida si mizizi pekee, ni watu. Nyumba zilijengwa miaka ya sabini, mstari wa sewer ukapita nyuma, halafu kila mtu akaongeza vyumba vya kupangisha juu yake. Siku bomba likiziba unaambiwa manhole iko chini ya kitanda cha mpangaji. Hiyo soksi ingetufaa kuliko nyinyi wenye nyasi.

Nguru Mkavu
Manhole chini ya kitanda. Nimelala.

Jemedari wa Kwamtogole
Mnamsumbua mwenzenu kwa mambo ya kisayansi. Mwaga chumvi ya mawe kilo tano na magadi chooni usiku, asubuhi mizizi imekufa. Bibi yangu alifanya hivyo.

Fundi Pima Maji
@Jemedari, bibi yako alikuwa na choo cha shimo, mizizi ilitoka wapi?

Tuseme dawa inaua mzizi ulio ndani ya bomba, na ipo inayoua kweli. Tundu ulipoingilia linabaki wazi. Mwaka kesho unakuja mwingine. Mtu ambaye hana pesa sasa, sawa, apige dawa na waya kila mwaka akijikusanya. Asijidanganye tu kwamba ametengeneza.

Mjukuu wa Kilombero
Wakuu, nimerudi na mambo.

Bei ya "mwisho kesho saa sita" ilipita, na saa tisa alasiri yule muuzaji akanipigia mwenyewe kusema amezungumza na bosi, nimeongezewa wiki. Mzee Pima Maji, umeona mbali.

Nikaomba video yote. Wakanitumia. Inaanzia besimenti, inakwenda vizuri, futi 14 mizizi inaanza, futi 30 bado mizizi, futi 33 video inakatika. Nikauliza mbona imekatika. Akasema baada ya hapo bomba ni zima.

Hapo nikaingiwa na wasiwasi. Nikamtafuta mtu mwingine ambaye kazi yake ni kamera tu, hauzi bomba wala soksi. Dola 275. Akazibua kwanza, akaingiza kamera, tukakaa wawili kwenye ngazi za besimenti tukiangalia kioo kama mechi ya Simba na Yanga.

Futi 14 mpaka 30: mizizi kila kiungo, chini ya mepo.
Futi 36: kipande kimoja kimeshuka chini ya mwenzake, kama ngazi ndogo.
Futi 38: kamera ikazama majini. Kioo chote kikawa chai ya rangi. Ikaibuka futi 45.
Kutoka hapo mpaka 55, bomba safi, na kuungana na la mji.

Nilipomuuliza yule jamaa yale maji ni nini, akasema neno moja: tumbo.

Muntu wa Bukavu
Sasa tunaongea. Hiyo futi 33 mimi naijua. Kamera inasimamishwa pale ambapo ukiendelea, mteja hatanunua.

Tumbo ni pale bomba limezama katikati. Maji yanashuka, yanakaa kwenye bonde, hayana nguvu ya kupanda. Karatasi na mafuta vinatulia pale. Huenda udongo ulichimbwa zamani kupitisha bomba la gesi au la maji na haukushindiliwa vizuri.

Lakini usikate shauri bado. Maji yaliyosimama yanaweza kuwa ni kwa sababu kuna uchafu mbele umeyazuia, si bonde. Asafishe mpaka barabarani kwa maji ya presha, aache maji safi yapite robo saa, aingize kamera tena. Yakibaki, ni tumbo kweli. Na aangalie yanafika wapi kwenye ukuta wa bomba. Kama ni kidole kimoja chini, watu wengi wanaishi nalo. Kama ni nusu ya bomba, hapana.

Na hapa ndipo mapatron, mabosi wangu, hawapendi niseme: soksi haitengenezi tumbo. Soksi inavaa mguu iliyoukuta. Ukipitisha pale, utapata bonde jipya, laini, la dola elfu tisa, na maji yatakaa humo humo. Hata ile ya kupasua inafuata njia ya zamani, bonde linapungua kidogo pengine, lakini usiliwekee pesa.

Kitu kingine, hiki ni cha hatari. Huku wakipitisha mabomba ya gesi siku hizi wanatoboa kwa mlalo bila kuchimba, na imeshatokea wakapenya katikati ya bomba la majitaka bila kujua. Bomba la gesi, la plastiki, mara nyingi la njano, linakatiza ndani ya bomba lako la choo. Halafu anakuja fundi na waya wenye visu. Nyumba zimelipuka kwa jambo hilo. Kwa hiyo kamera kwanza, visu baadaye. Na yeyote atakayeweka koleo ardhini kwako, hata futi moja, apige 811 kwanza, ni bure, wanakuja kuchora rangi palipo na gesi, umeme na maji.

Mama Zai Minnesota
Hii ya gesi sikuijua. Nimesoma nimesimama.

Binti Malindi
Assalaam alaykum. Mimi nina swali mwenzenu, niko Unguja, nasaidia nyumba ya familia. Hii soksi inanuka? Maana rafiki yangu Uingereza anasema baraza lao lilitengeneza bomba la mtaa, nyumba yake ikanuka rangi siku mbili, mtoto akaumwa kichwa.

Muntu wa Bukavu
Wa alaykum salaam dada. Epoksi tunayotumia nyumbani hainuki sana. Zile za bomba kubwa za mitaa mara nyingi ni gundi ya poliesta yenye stairini, na hiyo inanuka kama duka la fibaglasi. Inapitia kwenye kona ya maji ya choo au ya sakafu iliyokauka, ile inayoshika maji kuzuia harufu. Kama kuna tundu la sakafuni halitumiki, maji yake yamekauka, mlango uko wazi. Dawa ni kumwaga ndoo ya maji kwenye kila tundu kabla hawajaanza. Watu wa mtaa wanatakiwa wakupe taarifa.

Zamani wafanyakazi tuliambiwa ule moshi mweupe unaotoka ni mvuke tu. Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, 2017 wakatoa vipimo vyao, wakaonyesha si mvuke mtupu, una kemikali ndani. Tangu hapo mimi sisimami upande upepo unakoelekea, na barakoa ninavaa. Wenzangu wananicheka.

Binti Malindi
Ahsante sana kaka. Na huku kwetu ipo? Maana nyumba yetu bomba linapita chini ya sebule.

Fundi Pima Maji
Binti yangu, nikujibu kwa marefu kidogo, na wengine wa huku wasome.

Nyumba nyingi za Dar hazijaungwa kwenye bomba la mji. Zina karo nyuma ya nyumba, bomba la inchi nne, mita kumi au ishirini, kina cha goti. Bomba lenyewe la plastiki. Huyo mgonjwa wetu hafanani na wa Ohio. Ukinunua mashine ya soksi kwa ajili ya mita kumi za mtaro ambao vijana wawili wanaufunua kabla ya chakula cha mchana, umenunua ndege ya kwenda sokoni.

Yanayoua mabomba yetu ni mengine. La kwanza ni bomba lenyewe. Mwenye nyumba anaagiza inchi nne, dukani kuna nzito na kuna ile nyepesi ukiikanyaga inabonyea, anachukua nyepesi. Linalazwa juu ya mawe bila mchanga, gari la kunyonya majitaka linapita juu, linakuwa yai. La pili ni slopu. Inchi nne ni moja kwa arobaini, kila mita moja bomba lishuke sentimita mbili na nusu. Inchi sita, moja kwa sitini. Nimefunua mitaro bomba linapanda kwenda kwenye karo! Fundi alianza na kina alichokipenda, akafika karoni akakuta tundu liko juu. La tatu ni chemba kuzikwa chini ya pevingi kwa sababu inaharibu urembo.

Pale ambapo ningeitamani hiyo soksi ni kama kwako, chini ya sebule. Nilipata kazi ya hivyo hapa Sinza. Nyumba iliongezwa mbele, bomba la choo likabaki chini ya vigae vya sebuleni, likapasuka, harufu kila jioni. Mwenye nyumba akaniomba nichomeke bomba la inchi tatu ndani ya la inchi nne, nisivunje vigae. Inawezekana. Lakini mdomo wa kuingilia unabaki na ukingo, karatasi inashika pale, na njia imepungua. Nikamwambia hapana. Tuliliacha bomba la zamani chini, tukaliziba ncha mbili kwa zege, tukatoa choo kwa ukutani, tukazungusha bomba jipya nje ya nyumba na chemba mbili. Kigae hata kimoja hakikuvunjwa.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta mashine ya kupita chini, zunguka nyumba yako kwa miguu. Pengine njia ipo nje.

Binti Malindi
Nje ni uchochoro wa mita moja na nusu, na bomba la jirani limeshapita. Lakini nitapima. Ahsante mzee, Mungu akuweke.

Mwana wa Eastlands
Mzee wa Sinza, hiyo ya bomba kupanda kwenda juu mimi nimeiona live. Plamba akasema "presha itasukuma." Presha gani boss, ya tumbo?

Mjukuu wa Kilombero
Wakuu, kimya changu kilikuwa cha kazi. Nawaletea matokeo.

Jamaa wa kamera alisafisha kwa maji ya presha, akaacha maji safi yapite, akarudia. Maji yakabaki palepale, futi 38 mpaka 45, nusu ya bomba. Akatumia kile kifaa cha kusikilizia juu ya nyasi, kichwa cha kamera kinatuma mlio na yeye juu anaufuata, akapiga rangi ya kijani: bonde linaanza futi sita nje ya kivuli cha mepo, linaishia kabla ya njia ya waenda kwa miguu.

Nikaita kampuni ya tatu, nikawaonyesha video nikiwa nimeshaelimishwa na uzi huu. Mkuu wao, mzee mmoja mpole, akasema wachimbe shimo MOJA, futi kumi, kuanzia pale bomba liliposhuka mpaka mwisho wa tumbo. Watoe udongo wa kuchoma, waweke PVC kwa mteremko wa robo inchi kila futi, na waniachie mdomo wa kuzibulia unaofika juu ya nyasi. Halafu shimo hilohilo liwe mlango wa soksi: waipitishe kurudi nyuma kuelekea nyumbani chini ya mti. Shimo dola 3,900, soksi futi 36 dola 6,400. Jumla 10,300.

Ndiyo, ni zaidi ya 9,800. Lakini ile ya 9,800 ilikuwa ya kunitengenezea bonde.

Siku ya kazi ilikuwa Alhamisi. Shimo la futi nane wanalishushia sanduku la chuma ili kuta zisiwaangukie. Huku sheria inadai kinga hiyo kuanzia futi tano kwenda chini, na nikakumbuka vijana wetu wanavyoshuka kwenye mashimo ya karo na kaptula tu.

Sasa sikilizeni. Mama mkwe wangu yuko hapa kutoka Ifakara, amekuja kuona wajukuu. Asubuhi nikamwambia, "Mama, leo maji yatafungwa, tusitumie choo mpaka jioni, jirani ametukaribisha kwake." Akasema sawa mwanangu. Saa mbili asubuhi mafundi wakafunga koki kubwa. Saa tano soksi ikaingia, ikafika besimenti, puto likajazwa, likaziba bomba lote. Wakakaa kusubiri gundi.

Saa saba mchana kile kitundu cha sakafuni kikaanza kuchemka tena. Kiongozi wao akaja mbio, "Nani ameflashi?" Nikamwambia haiwezekani, maji yamefungwa. Nikapanda juu.

"Mama, umeflashi choo?"

"Sijaflashi mwanangu. Nimemwagia."

Mama aliposikia maji yatafungwa, alfajiri alishajaza ndoo nne, sufuria mbili na lile beseni la kuogeshea mtoto. Akayapanga bafuni kwa mstari. Koki imefungwa, ndiyo, lakini yeye alikuwa na ya kwake.

Nilipomtafsiria yule mzee alicheka mpaka akakaa chini. Akasema miaka yote ameshakutana na watu waliosahau, hajakutana na aliyejipanga. Maji yalikuwa ndoo mbili, yakasimama nyuma ya puto bila kuigusa gundi, tukayafyonza.

Jioni wakatoa puto. Tawi la mashine ya kufulia liko futi 6, wakalifungua kwa kikatio, nikaangalia kwa macho yangu tundu likitokea (Mama Zai, nilikuwa nakuwaza wewe na povu lako). Video ya mwisho ninayo, kutoka besimenti mpaka bomba la mji, haijakatika popote. Ndani pamekuwa laini kama bakuli. Mepo amesimama.

Mama Zai Minnesota
"Nimemwagia" 😂😂😂 Mpe mama salamu zangu zote.

Muntu wa Bukavu
Kazi nzuri. Mambo mawili tu. Dhamana waandike karatasini ni miaka mingapi na kama itamfuata atakayenunua nyumba. Na soksi inapoishia shimoni, pale inapokutana na PVC, ndipo pa kuangalia. Mizizi inayopoteza mlango mmoja inatafuta wa pili. Ingiza kamera tena baada ya mwaka.

Fundi Pima Maji
Walipima slopu ya kile kipande kabla ya kufukia? Kwa pima maji au kwa macho?

Mjukuu wa Kilombero
Kwa mashine ya leza mzee, halafu mimi nikashusha pima maji yangu mwenyewe kwa kamba. Kipovu kilikaa pale ulipotaka.

Nguru Mkavu
Na vile vipande vya bomba la udongo vya 1956 wamekwenda navyo?

Mjukuu wa Kilombero
Viwili vilibaki vizima. Mama amevisimamisha nyuma ya jikoni, amevijaza udongo, amepanda mchicha.